Kupima uzito wa kiini ambacho ukipepesa jicho kimeshaondoka

Watu wakisikia napima uzito wa viini vya atomu wanadhani kuna kamizani kadogo hivi mahali. Hakuna. Tunachopima ni muda, basi.

Chukua arseniki-65 (hiyo namba ni jumla ya protoni na nyutroni zake), nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya viini kuoza na kugeuka kitu kingine, ni kama milisekunde 130. Pale Lanzhou, China, wanarusha ayoni (atomu zilizonyang'anywa elektroni) za kriptoni-78 zigonge kipande cha berili, zinasambaratika vipande vya kila aina, vinavyotakiwa vinachujwa kwa sumaku na kuingizwa kwenye pete inaitwa CSRe, mzingo wake mita 128.8, na humo vinazunguka kwa karibu asilimia 70 ya kasi ya mwanga, raundi moja kama nanosekunde 600.

Sasa, ayoni za aina moja haziingii na kasi sawa. Utajuaje hii imechelewa kwa sababu ni nzito au ni mvivu tu? Ujanja ndo upo hapa: sumaku zinasetiwa ili yenye mbio ipite njia ya nje iliyo ndefu na ya polepole ikate kona kwa ndani, wote wanafika mstarini pamoja. Kasi ikishajifuta hivyo, muda wa raundi unabaki kutegemea uzito ugawanye kwa chaji. Na viini vingine humohumo ambavyo uzito wake unajulikana ndo mawe yetu ya mizani.

Muda tunaukamata kwa utando wa kaboni, mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Ayoni ikiutoboa inang'oa elektroni chache, zinavutwa pembeni, zinazidishwa idadi, unapata mpigo wa umeme. Kinachoniudhi ni kwamba utando huohuo unailia ayoni nishati kidogo kila raundi, kwa hiyo inabidi ufuatilie raundi zote mia tatu na kitu, ndani ya maikrosekunde 200.

Haya, ya nini yote? Kuna nyota za nyutroni, masalia mazito ya nyota zilizokufa, zinazonyonya gesi ya nyota jirani mpaka gesi hiyo inalipuka, na humo viini vinapanda kwa kumeza protoni moja moja. Hofu ilikuwa vikifika gerimani-64 vinakwama, maana protoni ikiongezwa unapata arseniki-65 ambayo ilikuwa haijulikani kama itaishika. Mwaka 2011 jibu likatoka: haiishiki, ila kwa kiloelektronivolti 90 tu (ni kipimo cha nishati, ila sisi tunapimia hata uzito; kosa la kipimo 85, msicheke, uzito mzima ni kama milioni 60). Pengo dogo hivyo linaruhusu protoni ya pili iwahi kuingia kabla ya kwanza haijachomoka, kwa hiyo viini vingi vinapita bila kusubiri gerimani-64 ioze, kitu kinachochukua zaidi ya dakika.