Ndege inajaa kila siku, mbona ruti imefutwa?

Watu wakijua kazi yangu ni kupanga ruti za ndege swali ni lile lile, ile safari ya asubuhi ilikuwa inajaa, kwanini kampuni imeifuta? Wanaumia na wana haki ya kuumia, manake mtu anakuwa ashapanga kazi zake zote kwa ndege ile.

Sasa iko hivi, kujaa peke yake hakutoshi. Sisi tunaangalia kila kiti kimeingiza sh ngapi na kimekula sh ngapi kwa kila kilomita, na hapo safari fupi zinabanwa kweli, kwasababu ndege inakula mafuta sana ikiwa inapaa, na safari ya dakika 45 karibu yote ni kupaa na kushuka. Ada ya kutua unalipa ile ile hata ungeruka masaa manne. Tairi, breki, miguu ya ndege, hata baadhi ya vipuri vya injini, uchakavu wake unahesabiwa kwa mara ulizoruka na kutua.

Alafu kuna muda ndege inaokaa chini uwanjani. Chukua ndege yenye safari 8 kwa siku, katikati inageuza mara 7, yani inashusha abiria, inapakia wengine na kuondoka tena. Kila mgeuzo ukichukua dakika 45 badala ya 25 umepoteza dakika 140, yani safari nzima imekufa, na ndege ikiwa chini haiingizi chochote.

Ila kinachoua ruti nyingi ni ruti nyingine. Kama safari inalipa mafuta na ada zake na inabakiza kidogo cha kuchangia kodi ya ndege (hela ya kuikodi, sio ushuru) na mishahara, tunaiacha hata kama vitabu vinasema hasara, kwasababu ukiifuta kodi ya ndege iko pale pale. Siku ikitokea ruti yenye hela zaidi kwa masaa yale yale, ya zamani inaondoka hata ikiwa imejaa.

Kitu kinachonikera ni mahesabu ya abiria wa kuunganisha. Mtu kakata tiketi moja ya kwenda mbali, anaanza na safari fupi alafu anaunganisha na ndege kubwa, pesa ikigawanywa kwa kilomita ile safari fupi inapata makombo, inaonekana mzigo, inafutwa, baadae ndege kubwa inaanza kuondoka na viti vitupu na watu wanashangaa. Mi hili nalibishia kwenye kila kikao.

Kinyume chake pia kipo. Kwenye viwanja vilivyobanana usipotumia angalau asilimia 80 ya nafasi zako za kuruka na kutua unanyang'anywa, hivyo kuna ruti dhaifu zinaendelea kuruka kulinda nafasi tu.

Treni nayo haina huruma. Taiwan walifungua treni ya mwendo kasi 2007, kufikia 2012 ndege kati ya miji yao ya Taipei na Kaohsiung zikaisha kabisa.

Dalili za ruti inayotaka kuondoka ni hizi: safari za kila siku zinakuwa tatu kwa wiki, saa ya asubuhi inahamishiwa mchana, inaletwa ndege ndogo. Na ratiba za dunia zinabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, so ukiona tiketi za baada ya tarehe hizo haziuzwi wakati ruti zingine za kampuni hiyo zinauzwa, waulize kabla hujalipia hoteli.