Je, Wajua Kwa Nini Vali ya Usalama Haiwekwi Mbali na Chombo Inachokilinda?

Anayepita Changamwe au Shimanzi, mjini Mombasa, huyaona matangi na mabomba ya viwandani, lakini ni nadra kuitambua vali ya usalama iliyo juu ya chombo cha shinikizo. Ndani yake mna springi inayokandamiza kizibo mpaka shinikizo la ndani lishinde nguvu yake, ndipo gesi au mvuke utoke kabla chombo hakijapasuka. Hilo hueleweka upesi. Lisiloeleweka upesi ni kwa nini mafundi husisitiza vali hiyo isimame wima juu ya chombo chenyewe, kwenye shingo fupi na pana.

Vali ikiwa imefungwa, shinikizo lililo chini ya kizibo ni sawa na lile la chombo. Ikifunguka, gesi hukimbia, na msuguano wa bomba na viwiko vyake hupunguza shinikizo hilo njiani. Bomba likiwa refu au jembamba mno, shinikizo linalofika kwenye vali hushuka kiasi cha kuifanya ijifunge ilhali chombo bado kimejaa; mtiririko ukikoma, shinikizo hurudi na vali hufunguka tena. Hugongagonga hivyo kwa kasi, ikaharibu kikalio chake, yaani mahali kizibo kinapokalia, na kupitisha gesi pungufu wakati ule ule inapohitajika zaidi. Ndiyo maana wahandisi hutaka upotevu wa njiani usizidi asilimia 3 ya shinikizo la kufungukia: kwa vali iliyowekwa bari 10, ni bari 0.3 tu.

Kuhusu koki, yaani kifaa cha kufungia njia kati ya chombo na vali ya usalama, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka vali ya usalama ya boila isiweze kutengwa na koki yoyote. Katika mitambo ya kemikali, koki huweza kuruhusiwa kwa ajili ya matengenezo, mradi ifungwe kwa kufuli ikiwa wazi. Binafsi naona ni heri vali mbili zinazopokezana, kwa kuwa kufuli lina ufunguo, na ufunguo huenda ukawa mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Njia ya kutokea nayo ina uzito wake. Huko Bhopal, India, mwaka 1984, vali ya usalama ya tangi la kemikali yenye sumu katika kiwanda cha dawa za wadudu ilifunguka, lakini mtambo wa kusafisha gesi haukuimudu, na bomba la kwenda kwenye mnara wa kuiteketeza lilikuwa limekatwa kwa matengenezo. Sumu ikawafikia watu waliolala. Hata pasipo sumu, bomba la kutokea huhitaji mhimili wake, ili uzito na msukumo wa gesi visiipinde vali, pamoja na tundu la kutolea maji, hasa Mombasa, ambako mvua za masika na hewa ya chumvi huleta kutu. Kabla ya kuwasha mtambo, fundi huondoa vifuniko vya usafirishaji na skrubu ya majaribio inayozuia kizibo, kwani ikisahaulika hapo, vali haitafunguka kamwe.