Kifua kinachobana saa kumi usiku

Mgonjwa akiniambia kifua humbana saa kumi usiku akiwa usingizini, ilhali mchana anapanda ngazi bila kuhema, siwazi kwanza mshipa ulioziba. Nawaza mshipa unaojikaza. Ukuta wa mishipa ya moyo una misuli. Ikikaza ghafla, damu hukatika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ikilegea, ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hurudi safi, na mgonjwa hupewa dawa ya asidi aende nyumbani. Daktari Myron Prinzmetal wa Marekani alieleza hali hii mwaka 1959. Baridi huichochea, na alfajiri ya Nakuru mnaijua.

Siku hizi nauliza pia kuhusu vidonge vya mfadhaiko. Vidonge kama fluoksetini na sertralini huongeza serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kati ya seli za neva. Serotonini ikikuta mshipa wenye utando mzima ndani, mshipa hupanuka. Utando ukiwa umechakaa, hujikaza. Mwaka 1991 watafiti waliiingiza moja kwa moja kwenye mishipa ya moyo ya wagonjwa wakaliona hilo. Wapo pia wagonjwa walioripotiwa mishipa yao kujikaza baada ya kuanza dawa hizi.

Ila ni wachache mno. Utafiti wa SADHART, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuata wagonjwa 369 wenye mfadhaiko waliotoka kulazwa kwa ajili ya moyo, takriban nusu yao wakimeza sertralini, na haukuona dawa hiyo ikiuumiza moyo. Mimi huiandika bila wasiwasi. Sigara na muguka, majani ya kutafuna kama miraa, wanavyotumia wagonjwa ndivyo huninyima usingizi.

Kuna dawa nyingine ambayo wengi hawaishuku: propranololi, ya kupunguza mapigo ya moyo. Mtu ana wasiwasi, moyo unadunda, anaongezewa hiyo juu ya kidonge cha mfadhaiko. Kwa mwenye mishipa ya kujikaza, propranololi yaweza kuzidisha mambo. Humfaa zaidi dawa za kulegeza mishipa: amlodipini au diltiazemu, na naitrati ya chini ya ulimi maumivu yanapoanza.

Basi ukishuku kidonge chako, usikitupe chooni. Ukikiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichwa kikakupiga kama shoti za umeme, na mfadhaiko wenyewe huenda ukarudi. Njoo na pakiti zote, hata zile za duka la dawa mtaani, pamoja na saa za maumivu ulizoandika. Yakikushika usiku, nenda hospitali papo hapo upigwe ECG yakiwa bado yapo.