Maafa Marekani: nani hutangaza kwanza?

Wengi wetu, hata ndugu wanaoishi Houston au Dallas, huamini kwamba kimbunga au mafuriko yakitokea Marekani, rais na serikali kuu huchukua usukani papo hapo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: kwenye televisheni, rais ndiye anayeonekana.

Kisheria, mlolongo huanzia chini. Texas, kwa mfano, Sura ya 418 ya Sheria za Serikali inampa meya au jaji wa kaunti (ambaye huko ni kiongozi wa utawala zaidi ya kuwa hakimu) mamlaka ya kutangaza maafa. Tangazo lake halivuki siku 7 bila ridhaa ya baraza lake. La gavana hudumu siku 30, naye anaweza kuliongeza. Florida, chini ya Sura ya 252 ya sheria za jimbo hilo, la gavana hudumu siku 60. Serikali kuu, chini ya Sheria ya Stafford ya 1988, kwa kawaida husubiri gavana aombe na aeleze kwamba uwezo wa jimbo umezidiwa.

Tofauti hii inagusa mfuko wa mtu. Texas, tangazo la maafa la gavana au la rais huwasha marufuku ya kupandisha mno bei za mafuta, chakula na dawa.

Kuhakikisha ni bure: sheria hizo zimo kwenye tovuti za mabunge ya majimbo. Soma tangazo lenyewe, si picha yake iliyosambazwa WhatsApp. Tazama tarehe, aliyetia saini, na kama kaunti yako imetajwa.