Mario peke yake haokoi konsoli

Wengi wanaamini kwamba konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, ikidorora sokoni, dawa ni moja tu: itolewe gemu yenye jina kubwa. Si kweli, na ushahidi ninaoutegemea zaidi ni Wii U, konsoli ya kampuni ya Nintendo. Mei 2014 ilipata Mario Kart 8, gemu tamu kwelikweli ya mbio za magari yenye Mario, mhusika maarufu wa Nintendo. Mauzo yakapanda kwa muda, kisha yakapoa. Hadi inaondolewa sokoni, Wii U ziliuzwa takriban milioni 13.5, ilhali Wii iliyoitangulia ilipita milioni 100.

Gemu haikuwa na kosa. Jina ndilo lililochanganya watu: wakiiona padi yake ya kuchezea, yenye skrini katikati, wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo tayari. Gemu hiyohiyo, ikiwa imeongezwa vitu vichache, ilihamia Switch, konsoli iliyofuata ya Nintendo, mwaka 2017 na zikauzwa nakala zaidi ya milioni 60.

Mtu atanitajia 3DS, konsoli ya mkononi ya Nintendo, iliyoinuka mwishoni mwa 2011 kwa Super Mario 3D Land na Mario Kart 7. Zilisaidia sana, sibishi. Ila Agosti ya mwaka huo bei yake Marekani ilikuwa imeshashushwa kutoka dola 249.99 hadi 169.99, kwa hiyo gemu hizo zilimkuta mnunuzi anayeimudu.