Kuunda na kunoa patasi nyembamba ya kukatia kwenye kerezo

Kwenye kerezo, yaani mashine ya kuzungusha mbao inapochongwa, patasi ya kukatia inayouzwa madukani kwa kawaida ina unene wa milimita 3 au zaidi. Ukitenganisha kifuniko cha kibweta cha mpingo kwa patasi hiyo, unapoteza upana huohuo wa mbao, na ukikifunika tena mistari ya mbao haikutani. Kwa kazi hii nataka milimita 1.6 hadi 2.

Chuma kizuri ni bledi kuukuu ya msumeno wa mashine unaokata vyuma, iwe ya haispidi tupu, yaani chuma kinachobaki kigumu hata kikipata moto. Bledi ya hekso ya mkono ina takribani milimita 0.6, itayumba. Za bimetali (vyuma viwili vilivyounganishwa) nazo hazifai: chuma kigumu kiko kwenye meno tu, na meno ndiyo unayoyaondoa. Ukiwa na shaka, gusisha kwenye jiwe la grenda. Haispidi hutoa cheche chache, fupi, nyekundu iliyofifia. Chuma cha kaboni hurusha cheche nyeupe zinazopasukapasuka.

Haispidi tupu ni ngumu lakini ni rahisi kuvunjika. Usiivunje kwa mikono mitupu. Ichore kwa diski ya kukatia pande zote mbili, ibane kwenye jiliwa, ifunike kwa kitambaa kizito kisha uigonge, na miwani iwe usoni. Saga meno yote. Upana wa bledi uache ulivyo, maana huo ndio unaoizuia kupinda kwenda chini.

Sasa mbavu, yaani nyuso mbili bapa za bledi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wananoa ncha hadi inanyoa nywele, halafu patasi inanasa, inatoa moshi na kulia ndani ya mkato. Tatizo si makali. Ni mbavu zinazosuguana na mbao. Acha milimita 8 za mbele na unene wake kamili. Nyuma ya hapo, kwa urefu wa milimita 60 hivi, punguza milimita 0.1 hadi 0.2 kila ubavu kwa diski ya msasa, ukipima kwa kalipa. Ukipunguza hadi kwenye ncha yenyewe, umeharibu kazi: ncha lazima ibaki nene kuliko mwili.

Ncha ina miteremko miwili inayokutana katikati ya upana wa bledi. Pembe kati yao iwe nyuzi 50. Kwa mpingo napenda 55 hadi 60, kwa sababu makali membamba hulika haraka kwenye mbao nzito hivyo. Makali yasimame mraba na mbavu, la sivyo patasi itavutwa upande mmoja. Ncha ikigeuka buluu kwenye jiwe, haispidi haidhuriki. Chuma cha kaboni kingekuwa kimelainika. Lakini usiitumbukize kwenye maji ikiwa moto, itapata nyufa ndogo. Iache ipoe yenyewe.

Kwenye mpini ingiza milimita 70 za bledi na gundi ya epoksi. Sogeza egemeo, mahali patasi inapolala, karibu kabisa na mbao, makali yaelekee kwenye kitovu cha mzunguko. Mkato ukizidi kina cha milimita 6, toa patasi, panua kidogo upande wa mbao utakaoutupa, kisha endelea. Kwenye mvule unaweza kukuta madonge magumu ya chokaa ndani ya mbao. Makali yakigonga donge yanakwisha palepale, basi noa kabla hujaendelea, usisukume kwa nguvu.