Kumpakata mtoto garini hakumlindi

Walezi wengi wanaolea watoto nyumbani Dar husema: "Sinza hadi Mwenge ni hapo tu, nitampakata." Mikono haitoshi. Kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, gari likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anaweza kurushwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 300. Hata baunsa hamzuii. Kujifunga naye mkanda mmoja ni kubaya zaidi, maana mwili wako ndio unaomkandamiza kwenye mkanda.

Mtoto mchanga akae kwenye kiti chake maalumu cha gari, kilichofungwa siti ya nyuma, akitazama nyuma. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga) inayofanya kazi: ikifumuka hupiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kipo palepale. Ukishakifunga, kishike pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, kikandamize kwa goti ukaze upya. Kisha finya kwa vidole viwili mkanda wa kiti hicho unaopita begani mwa mtoto. Ukipata mkunjo, umelegea. Sweta nene livuliwe kwanza (asubuhi za Julai hili husahaulika sana).

Kiti cha mtumba usichojua kama kiliwahi kupata ajali, kiache hata kikiwa bei ya kutupwa.

Na kwenye Noah, mkanda mmoja mtoto mmoja. Wakizidi, rudi awamu ya pili, huku mlezi mwingine akibaki na waliosubiri.